Rap na Roki: Wingi wa Wasikilizaji na Uzito wa Muziki

Kati ya rap na roki, kwa wingi wa wasikilizaji mambo yako wazi: mwaka 2017 takwimu za kampuni ya Nielsen zilionyesha kwamba nchini Marekani hip-hop, fani inayobeba rap, ikihesabiwa pamoja na R&B, ilikuwa imeipita roki kwa mara ya kwanza. Roki, hata hivyo, bado hujaza viwanja vya michezo, na Rolling Stones, bendi ya roki iliyoanza mwaka 1962, haijakosa wanunuzi wa tiketi.

Ubishi uko kwenye ubora. Anayedai kwamba rap si muziki kwa sababu haina melodia anaipima kwa kipimo cha roki, ambamo gitaa, mfuatano wa kodi za muziki (chords) na sauti ya mwimbaji ndivyo vinavyoubeba wimbo. Rap hubebwa na mdundo. Huko Bronx, jijini New York, katika miaka ya 1970, DJ Kool Herc aliweka nakala mbili za santuri ileile kwenye mashine mbili, akawa anakirudia kipande cha ngoma ili wachezaji wasipoe. Juu ya vipande vya namna hiyo rapa hupanga vina, mara akiuwahi mdundo, mara akichelewa kwa makusudi. Huo ni ufundi wa mizani, na aliyelelewa na mashairi yetu hahitaji kufafanuliwa sana.

Kwa upatanifu wa sauti na upigaji wa ala jukwaani, naichagua roki. Kwa lugha, rap imeiacha mbali, na mwaka 2018 rapa Kendrick Lamar alipata Pulitzer ya muziki, tuzo ya Marekani ambayo hadi hapo ilikuwa ya klasiki na jazi.