Uzoefu wangu: kumsaka kapteni wa KAR kwenye nyaraka za Waingereza

Ninayemtafuta hasa si Mzungu. Ni babu yake baba, askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza katika Afrika Mashariki, na jina lake sijalikuta popote. Jeshi la mkoloni liliwaandika maofisa kwa majina na askari kwa hesabu, kwa hiyo anayemtaka askari hana budi kupitia kwa ofisa wa kombania yake. Wazee wetu walikuwa wamehifadhi mambo mawili: jina la ukoo la yule kapteni, walivyolitamka wao, na neno Mahiwa, mahali mkoani Lindi palipopiganwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Nikaanzia hapo. Huduma nilizotumia ni za bure na za kulipia, na nitasema wazi ipi iliyonifaa.

Mlango mkuu ni The National Archives, hifadhi ya nyaraka za taifa la Uingereza iliyoko Kew, London. Katalogi yao ya mtandaoni, Discovery, unapekua bure. Majalada ya maofisa wa Vita Kuu ya Kwanza yako makundi mawili. WO 339 (WO ni War Office, wizara ya vita ya Uingereza) lina takribani majalada 140,000 ya maofisa wa jeshi la kudumu na waliopewa kamisheni, yaani uofisa, ya muda wa vita. WO 374 lina takribani 77,000, mengi yakiwa ya Territorial Force, jeshi lao la raia wa kujitolea waliofanya uaskari pembeni ya kazi zao. Unaandika jina la ukoo na herufi za majina ya kwanza, unapewa namba ya jalada. Jalada lenyewe, mara nyingi, halipo mtandaoni: ama ufunge safari hadi Kew, ama ulipie nakala, ama umlipe mtafiti wa kujitegemea akakupigie picha. Nilichukua mtafiti na sijutii hata kidogo. Alinitumia kila karatasi, mbele na nyuma, hata zile zenye muhuri mtupu.

Ila jua unalipia nini. Rekodi kuu za utumishi za maofisa hao ziliteketea Septemba 1940, ndege za Ujerumani zilipolipiga ghala la Arnside Street, London. Kilichosalia ni jalada la barua, nalo lilikuwa limekwisha kupunguzwa karatasi na makarani wa miaka ya nyuma. Usitegemee orodha ya vyeo na vituo mwaka kwa mwaka. La kapteni wangu lilikuwa na fomu ya kuomba kamisheni, taarifa za bodi ya madaktari juu ya malaria, na rundo la barua za kudai posho na fidia ya mizigo iliyopotea. Nilipoziona hizo za mizigo nilikaribia kuziruka. Lakini mtu anayedai sanduku lake hutaja siku, kambi na njia kwa umakini ambao huukuti kwenye ripoti ya mapigano, na ni madai hayo yaliyonihakikishia kwamba alikuwa upande wa Lindi mwaka 1917. Na kama ofisa wako aliendelea na jeshi baada ya 1922, usishangae kutomwona katika makundi haya mawili. Jalada lake lilibaki Wizara ya Ulinzi.

Upande wa nishani kuna kadi za WO 372. Kadi inaonyesha cheo, vikosi, na nishani alizostahili: 1914–15 Star kwa aliyeingia kwenye uwanja wa vita kabla ya mwaka 1915 kuisha, kisha British War Medal na Victory Medal. Jambo ambalo wauzaji wa nishani huwa hawalisemi ni kwamba askari wa kawaida wa jeshi la Uingereza alitumiwa nishani zake bila kuomba, lakini ofisa alitakiwa aziombe mwenyewe. Wako walioona hapana haja. Kwa hiyo familia isiyo na nishani haina maana kwamba babu yao hakupigana, na kadi isiyo na alama ya kutumwa si kasoro ya kumbukumbu. Kwa kuwa aliomba kwa barua, anwani yake mara nyingi iko nyuma ya kadi. Picha za Kew zinaonyesha upande wa mbele tu. Ancestry, tovuti ya kulipia ya kutafuta nasaba, wana picha za rangi za pande zote mbili, na kwa hilo peke yake nasema ada yao ya mwezi mmoja ina maana.

Unayetaka kununua nishani zenyewe, soma ukingo kabla ya kutoa hela. British War Medal na Victory Medal za ofisa kwa kawaida zimepigwa cheo na jina tu, bila kikosi wala namba. Kikosi kinasomeka nyuma ya ile Star. Sasa mtu anakuletea jozi iliyoandikwa "Capt. J. Smith" na hadithi tamu ya Afrika Mashariki, bila Star: hapo unanunua hadithi. Jani la mwaloni kwenye utepe wa Victory Medal nalo ni alama ya kutajwa katika ripoti za majenerali, lakini ni moja tu hata kama alitajwa mara tatu, na kulipachika jani hilo hakumshindi mtu yeyote mwenye koleo.

Huduma niliyoipenda kuliko zote ni The London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, bure kabisa. Kamisheni, kupanda cheo, kuacha jeshi, nishani za ushujaa, vyote vimechapishwa humo. Kitafutio chake kinababaishwa na chapa za zamani, kwa hiyo usikiandikie jina kamili ukakata tamaa. Bana tarehe, jaribu jina la ukoo peke yake, kisha pitia kurasa kwa macho. Kapteni wangu alipata Military Cross, nishani iliyoanzishwa Desemba 1914, na nilitamani sana kusoma alifanya nini. Haikuandikwa. Aliipata kwenye orodha ya heshima za Mwaka Mpya, na orodha hizo hazitoi maelezo ya kitendo; maelezo huambatana na zile zilizotolewa kwa tukio mahususi. Ukitaka kuziba pengo, Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni Army List, orodha rasmi za maofisa wa jeshi, za enzi hizo, nazo bure.

Walowezi waliopewa kamisheni huku huku Afrika Mashariki wana njia yao ya mkato: gazeti rasmi la serikali ya East Africa Protectorate, ambalo leo ni Kenya Gazette, linasomeka kwenye Google Books.

Kuna tovuti moja ya kulipia, sitaitaja, iliyonichosha. Kila siku ilinipa "ndugu" wapya wa kapteni, mmoja wao mpishi wa jeshi la majini, na usajili ukajihuisha wenyewe nilipokuwa nadhani nimeusitisha. Pia haikutofautisha 4 KAR na 2/4 KAR. Hiyo si tofauti ndogo: rejimenti zilipopanuliwa wakati wa vita, nyingi ziligawanyika kuwa batalioni kadhaa, na 2/4 ni batalioni ya pili ya rejimenti ya nne, ile ya Uganda. Ukikosea mkwaju huo unamfuata mtu mwingine kwenye mapigano mengine.

Nilipokuwa na batalioni sahihi ndipo nikaagiza shajara ya vita, yaani kumbukumbu za kila siku za kikosi, kundi la WO 95. Mahiwa ilipiganwa Oktoba 1917, tarehe 15 hadi 18, na majeshi ya Uingereza, KAR na Wanigeria wakiwemo, yalipoteza zaidi ya watu 2,000 waliokufa na kujeruhiwa. Katika shajara, kila ofisa aliyeanguka ana jina na herufi zake. Askari wako kwenye mstari mmoja, kwa idadi. Wapagazi hata idadi haikuwa na uhakika. Sikushangaa sana, ripoti ya mwaka 2021 ya Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi na kumbukumbu za waliokufa vitani, yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Hata hivyo sasa najua kombania, batalioni na wiki aliyokuwa Mahiwa, mambo ambayo kwetu hayakujulikana. Kinachofuata ni CO 534, barua za Wizara ya Makoloni kuhusu KAR, kwa sababu kikosi kilikuwa chini ya wizara hiyo kabla ya vita. Mtafiti yule yule nimeshampa kazi.