Saa Ghali ya Kamani: Siku 30 Mkononi, na Kwa Nini Usiku Nailaza kwa Ubavu

Karibuni jamani, karibuni sana. Leo salamu fupi, maana nina jambo limenikaa kooni mwezi mzima. Ni hii saa. Hebu niisogeze mbele ya kamera… hapo. Saa ya kamani, haina betri, inajitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono. Wiki ya kwanza ilinikera mpaka nikataka kuirudisha dukani. Leo nimeivaa na sina mpango wa kuivua.

Jina la kampuni silitaji, kwa sababu nimepima saa moja tu, na saa moja haitoshi kuihukumu kampuni. Upana wake, inazama maji mita ngapi, chuma gani, hayo mnayajua, nayaruka. Mimi nataka tuulizane kitu kimoja: inasema kweli?

Siku ya kwanza niliilinganisha na saa ya simu, sekunde kwa sekunde. Kesho yake asubuhi imetangulia sekunde 6. Keshokutwa, 12. Wiki ilipoisha, 42. Nikaichukua Casio F-91W, ile ya plastiki ambayo wengi wetu tuliivaa shuleni au tuliitamani kwa mwenzetu, nikaziweka bega kwa bega. Casio wanaahidi saa ile haitapotea zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Kwa mwezi! Hii ghali imezipita hizo ndani ya wiki moja. Nilikasirika kwelikweli, siwafichi.

Na ina cheti, ndicho kilichonichoma zaidi. Cheti cha kronomita, yaani saa iliyopimwa usahihi wake, kutoka COSC, wale wapimaji wa Uswisi. Nikaketi nikakisoma vizuri. Wanaipima mashine ya saa kwa siku 15, katika mikao mitano, kwenye joto la nyuzi 8, 23 na 38. Wastani wake kwa siku unaruhusiwa kuchelewa hadi sekunde 4 au kutangulia hadi sekunde 6. Kwa hiyo yangu imefaulu. Imefaulu mlangoni kabisa, lakini imefaulu.

Hapo hasira ikaanza kunipoa, nikapiga hesabu. Siku ina sekunde 86,400. Ukitangulia sekunde 6, maana yake unakosea sekunde moja kila baada ya muda wa saa nne. Sasa sikilizeni, naisogeza kwenye maikrofoni, nanyamaza kidogo…

Mmesikia? Hiyo ni milio minane kila sekunde. Kuna kigurudumu humo ndani kinacheza kwenda na kurudi, kinavutwa na kamani nyembamba kama unywele. Kwa siku nzima ni milio 691,200. Fuwele iliyo ndani ya saa ya betri inatetemeka mara 32,768 kila sekunde, na haijali sana umeivaa vipi. Hiki kigurudumu kinajali kila kitu: joto, uvutano wa dunia, mkono wako, hata namna unavyoiweka saa mezani ukienda kulala.

Na hapo ndipo nilipoipenda. Twende polepole.

Hii ni mashine ya kupimia saa, ile wanayotumia mafundi. Inasikiliza mlio na kukuambia saa ingetangulia au kuchelewa kiasi gani kama ingekaa hivyo siku nzima. Naibana… kioo juu. Angalieni vidoti kwenye skrini, vinapanda mlima taratibu. Subiri vitulie. Jumlisha 6, yaani inatangulia sekunde 6 kwa siku. Kigurudumu kinazunguka digrii 290, afya njema kabisa.

Naigeuza, kioo chini. Jumlisha 5. Karibu ileile.

Sasa naisimamisha wima. Kile kifundo cha pembeni unachokizungusha kuitia ufunguo nakielekeza chini. Tazama vinavyopanda! Jumlisha 9. Na ile pembe imeshuka, digrii 255.

Haya, macho yote hapa. Naigeuza kifundo kiwe juu, saa imelalia ubavu wa namba 9. Ngoja… ngoja… mnaona? Vidoti vinashuka. Vinashuka! Toa 6. Saa ileile, dakika ileile, sijaigusa ndani hata kidogo, na imetoka kwenye kukimbia ikaanza kuchelewa.

Sababu yake ni hii. Saa ikilala chali, mhimili wa kile kigurudumu unasimama kwa ncha yake juu ya kijiwe cha yakuti. Ncha tu ndiyo inayogusa, msuguano mdogo. Ukiisimamisha wima, mhimili unalalia ubavu, unasuguana zaidi, ndiyo maana pembe inapungua. Halafu hakuna kigurudumu chenye uzito sawa pande zote kwa ukamilifu. Upande mzito kwa kiasi kisichoonekana kwa macho unavutwa chini, na kutegemea umeelekea wapi, mwendo unaongezeka au unapungua.

Nikaanza kuitumia hiyo. Mchana nikiivaa inatangulia kama sekunde 4. Nilikuwa nalala saa nne usiku, naiweka mezani kioo juu mpaka saa kumi na mbili asubuhi, inaongeza 2 nyingine. Ndizo zile 6. Nikaanza kuilaza kwa ubavu, kifundo juu. Usiku inarudisha 2. Siku nzima ikabaki na 2 tu! Kwa siku 30 hiyo ni dakika moja badala ya tatu, bila kumlipa fundi chochote. Jaribuni yenu kwanza, maana kila saa ina tabia yake. Nyingine hushuka ukielekeza kifundo chini.

Ila wiki ya tatu nilipata mshtuko. Asubuhi moja nakuta imekimbia sekunde 40 kwa usiku mmoja. Nikadhani imekufa. Nikachukua dira, hii hapa, nikaisogeza karibu… siku ile sindano ilicheza kama imeguswa. Sumaku! Nilikuwa nimeilaza juu ya spika. Sumaku ikiingia kwenye ile kamani nyembamba, mizunguko yake hushikana, kamani inakuwa kama imefupishwa, na saa inakimbia. Dawa yake ni kale kakifaa ka kuondolea sumaku: unaweka saa juu, unabonyeza, unaiinua polepole mpaka mkono umenyooka, ndipo unaachia. Sekunde kumi, kazi imekwisha. Kwa hiyo saa yako ikianza kukimbia ghafla, tafuta dira kabla hujaenda kufunguliwa mfuniko na kutozwa pesa ya usafishaji.

Washindani je? Rolex wanaahidi sekunde 2 mbele au nyuma kwa siku, na wanapima saa ikiwa imeshafungwa ndani ya kasha lake, jambo ambalo nalipenda kuliko ile namba yenyewe. Omega zenye cheti cha METAS, taasisi ya vipimo ya Uswisi, zinaruhusiwa kutangulia hadi sekunde 5 lakini kuchelewa haziruhusiwi, na zinavumilia sumaku ya gausi 15,000. Baada ya ile spika, hiyo naitamani kwa moyo wote. Spring Drive ya Grand Seiko ni sekunde moja kwa siku au pungufu, ila ile ina kamani lakini inaongozwa na fuwele, ni mnyama mwingine.

Na kwa wanaoniuliza kuhusu turubiyoni, kile kifaa cha ndani kinachozungusha kigurudumu: fundi wa saa Breguet aliipatia hataza mwaka 1801, wakati saa zinakaa mfukoni zimesimama wima siku nzima, akakizungusha kigurudumu chote ili uvutano usikiegemee upande mmoja. Wazo zuri sana kwa mfuko. Mkono wako unageuka kila dakika wenyewe. Ukiinunua kwa uzuri wake, nakuunga mkono. Ukiinunua kwa ajili ya sekunde, pesa hiyo ni nyingi mno.

Bei ya hii pia ni kubwa, na kama unachotaka ni saa sahihi basi, chukua ya betri leo hii. Miye wiki ya kwanza ningekwambia uache kabisa hizi za kamani. Sasa nakwambia uliza kitu kimoja dukani: naomba muiweke kwenye mashine, mikao mitano, mbele yangu. Wakikataa, ondoka.

La chaneli: kuanzia wiki ijayo tunahamia Ijumaa saa mbili usiku, na maikrofoni hii mpya ndiyo imetuwezesha kusikia ule mlio. Jiunge, washa kengele. Ijumaa nataka tuiache bila kuvaliwa mpaka kamani ilegee, tuone mwendo unavyobadilika nguvu ikipungua.

Sasa hivi imetangulia sekunde 3. Naiweka hapa, kifundo juu, mbali na spika. Asubuhi naipima tena.