Cheti cha tabia njema kupitia eCitizen: huduma nimeipenda, waajiri wamenikera

Mwaka huu nimechukua cheti cha tabia njema, yaani cheti cha polisi kinachoonyesha kama una rekodi ya makosa ya jinai, hapa Mombasa, kwa sababu karibu kila tangazo la kazi nililosoma lilikitaka. Naandika kwa yeyote anayekwenda kukitafuta kwa mara ya kwanza. Naandika pia kwa waajiri, maana wana jambo lao linaloniuma na ningependa walisikie.

Nianze na huduma yenyewe. Maombi yote yanafanyika eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Unaingia kwa akaunti yako, unatafuta huduma za DCI, idara ya upelelezi wa jinai, unajaza fomu, unalipa shilingi 1,050 kwa M-Pesa, yaani 1,000 ya cheti na 50 ya mtandao. Baada ya hapo unachapisha risiti pamoja na fomu ya alama za vidole, ile inayoitwa C24. Kwenye C24 tulia kidogo. Inatakiwa iwe karatasi moja iliyochapishwa mbele na nyuma, na saiba nyingi, yaani maduka ya intaneti, hukutolea karatasi mbili. Baba mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, aliyetoka Kwale alfajiri, aliambiwa akachapishe upya kwa sababu hiyo hiyo. Basi mwambie mtu wa saiba kabla hajachapisha. Na kama una simu nzuri, jaza maombi mwenyewe nyumbani, saiba iwe ya kuchapisha tu. Mtaani kwetu kuna wanaotoza mia tatu, mia nne kwa kazi ya dakika chache, na nywila ya akaunti yako wanabaki nayo wao.

Alama za vidole nilichukuliwa Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali. Nilikuwa nimejiandaa kwa usumbufu, sikuuona. Afisa anapaka wino mweusi, anashika kidole kimoja kimoja na kukiviringisha kutoka ukingo huu wa ukucha hadi ule, vyote kumi, halafu vinne kwa pamoja. Wewe legeza mkono tu, ukijaribu kumsaidia alama inachafuka. Kilichonigusa zaidi ni mama aliyenitangulia. Alisema anafua nguo za watu, na kwa miaka yote hiyo ya sabuni na jiki ncha za vidole vyake zilikuwa laini kabisa, alama hazikutoka. Yule afisa hakumfokea. Alimfuta, akampaka wino kidogo zaidi, akarudia. "Pole mama, hebu nipe hiki cha gumba tena." Akarudia mpaka mistari ikaonekana. Kwa wanaofanya kazi ya saruji, ya kufua au ya kupara samaki, jambo hili ni la kawaida, kwa hiyo nendeni mapema na msiwe na wasiwasi. Beba na kitambaa chako cha kujifutia, wino ule hautoki kirahisi.

Fomu ikitoka hapo inapelekwa makao makuu ya DCI, Kiambu Road, Nairobi, alama zako zilinganishwe na rekodi zao. Cheti kikiwa tayari unakipakua mwenyewe eCitizen. Changu kilitoka kabla ya wiki mbili kwisha. Sikumpa mtu yeyote kitu kidogo na wala sikuombwa. Kwa huduma ya serikali ambayo zamani ilikuwa lazima upande basi hadi Nairobi, mimi naipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano nimeinyima bei, kwa sababu 1,050 kwa mtu asiye na kazi ni unga na mafuta ya wiki nzima.

Hapo ndipo ninapokuja kwa waajiri.

Nilikuwa nikiomba kazi ya ukarani wa stoo. Kampuni moja, sitaitaja, iliandika kwenye tangazo kwamba asiyeambatisha cheti cha tabia njema, cha KRA (kodi), cha HELB (mkopo wa masomo), cha CRB (rekodi ya madeni) na fomu ya EACC (tume ya maadili na kupambana na ufisadi), maombi yake hayatasomwa. Vyote vitano, kwa kazi ya kuhesabu magunia! Orodha hii imetokana na Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, na sura hiyo inahusu uongozi na uadilifu wa maafisa wa serikali. Karani wa stoo katika kampuni ya mtu binafsi si afisa wa serikali. Hata hivyo vijana wanakopa ili watimize orodha hiyo, wengine wanauza simu, na mwisho wa yote anaitwa mmoja.

Siku ya usaili nilikuta bahasha za waombaji zimerundikwa sakafuni kando ya meza ya sekretari. Kadhaa zilikuwa wazi. Nikiwa nimekaa kwenye benchi la kusubiri niliweza kusoma jina na nambari ya kitambulisho cha mtu nisiyemjua, kwenye cheti kilichokuwa juu ya rundo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya habari za mtu achukue zile tu anazozihitaji kwa kazi iliyopo, na azilinde. Wale walikuwa na vyeti vya watu ambao hata usaili hawakuitwa. Walivihitaji vya nini?

Sisemi mwajiri asiulize. Mwalimu anayesajiliwa na TSC, tume ya walimu, atakiwe cheti, nakubali, atakaa na watoto wetu. Dereva wa matatu atakiwe, roho za watu ziko mikononi mwake. Msichana anayekuja kulea mtoto wangu nyumbani ningemwomba pia, na pesa ya cheti ningetoa mimi. Ninachosema ni kwamba cheti kiombwe mwishoni, kwa yule aliyechaguliwa, na kiombwe pale ambapo kazi yenyewe ina sababu ya kukiomba. Binamu yangu analea wazee Uingereza. Kule ukaguzi huu unaitwa DBS, na kwake ulifanywa baada ya kupewa ahadi ya kazi, mwajiri akalipa. Hawaii, kule Marekani, tangu 1998 sheria inamzuia mwajiri kuuliza habari za makosa ya jinai kabla hajatoa ahadi ya kazi. Inawezekana, basi.

Kuna na wale ambao cheti chenyewe kinawatia hofu. Jirani yetu, kijana mpole aliyesomea ufundi wa umeme, alikamatwa 2020 wakati wa kafyu ya korona akirudi kutoka kibaruani. Alipelekwa kortini, akakiri ili yaishe, akalipa faini. Tangu hapo hajawahi kuomba kazi yoyote inayotaja cheti cha tabia njema. Hajui kitaandikwa nini, na anaona aibu kwenda kuuliza. Nimemwambia alipe ile 1,050 ajue moja, kwa sababu kukaa na hofu kunamgharimu zaidi. Lakini naelewa kwa nini anasita. Tangazo la kazi halimpi nafasi ya kueleza kwamba kosa lake lilikuwa kuchelewa kufika nyumbani. Angeombwa cheti baada ya usaili, mwajiri akiwa tayari ameona kazi ya mikono yake, angalau angesikilizwa.

Kampuni iliyoniajiri mwishowe haikutaja cheti kwenye tangazo. Iliniita, ikanijaribu kwa vitabu vya stoo, ikanipa barua, ndipo mama wa ofisi ya wafanyakazi akaniambia, "Mwanangu, ndani ya mwezi huu tuletee cheti cha polisi, na ubaki na risiti, tutakurudishia." Walinirudishia pamoja na mshahara wa kwanza.

Kwa hiyo ukiitwa mahali, uliza kwa adabu kama unaweza kukipeleka baada ya kupata barua ya kazi. Wengine hukubali, wameweka sharti lile kwa mazoea tu. Ukiwa nacho tayari, angalia tarehe, kwa sababu waajiri wengi hawataki kilichopita miezi sita. Toa nakala ya kuchapisha tu, faili yenyewe uihifadhi kwenye barua pepe yako. Na ukikosa kazi, omba wakurudishie karatasi zako au wakuhakikishie wamezichana.