Kutimiza Miaka 40 Carnivore, Nairobi: Bendera, Sime na Hesabu ya Mezani

Mwenzenu akitimiza miaka 40, 50 au 60 na mnatafuta meza ya usiku mmoja jijini Nairobi, Carnivore ya Lang'ata Road bado ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza, mradi kundi linapenda nyama na liko tayari kukaa mezani saa mbili na ushei. Mkahawa huu wa kampuni ya Tamarind ulifunguliwa mwaka 1980, na mwaka 2002 na 2003 jarida la Restaurant la Uingereza liliutaja kati ya mikahawa 50 bora duniani. Sifa hizo ni za zamani na si kwa ajili yake tunawatuma huko. Tunawatuma kwa sababu ya namna chakula kinavyofika. Kwingineko kila mtu huagiza chake, wa kwanza humaliza kabla wa mwisho hajaletewa, na mazungumzo hukatika kila sahani inapotua. Hapa nyama haiagizwi sahani kwa sahani. Huja aina moja baada ya nyingine, meza nzima inaonja kitu kilekile kwa wakati mmoja, na mwenye siku yake hakosi mtu wa kuzungumza naye.

Ukiingia tu unakutana na jiko kubwa la mkaa, nyama zikiwa zimechomekwa kwenye sime za Kimaasai na kupangwa juu ya moto. Mezani inaanza supu na mkate, kisha unawekewa sahani nzito ya chuma iliyopashwa moto. Katikati kuna trei ya kuzunguka ya ngazi mbili, yenye saladi na sosi, na juu yake kibendera cheupe. Bendera ikisimama, wahudumu wanaendelea kupita na sime na kukata nyama juu ya sahani zenu. Mkiilaza, mmesalimu amri, nyama inakoma na vinakuja kitinda mlo na chai au kahawa. Vyote hivyo viko ndani ya bei moja ya kichwa. Vinywaji viko nje ya bei hiyo, na tutarudi kwenye jambo hilo kwa sababu ndilo linaloharibu sherehe nyingi.

Kosa la wageni wengi ni kushiba katika dakika 30 za kwanza. Vitu vidogo huiva upesi, kwa hiyo ndivyo huelekea kutangulia: soseji, mabawa na mapaja ya kuku, maini, firigisi. Mapande makubwa, yaani paja la kondoo, paja la nguruwe na mnofu wa ng'ombe, yanahitaji muda kwenye moto na huja kwa mizunguko. Mtu aliyemaliza supu, mkate, kiazi na soseji mbili hana tena nafasi yakifika. Utaratibu mzuri ni huu: nusu bakuli ya supu, mkate uachwe, kipande kimoja tu cha kila kidogo kinachopita, na saladi kati ya mzunguko na mzunguko. Kukataa si utovu wa adabu. Mhudumu atapita tena.

Jambo la pili la kujua ni kwamba pande kubwa haliivi lote sawasawa. Mhudumu anapokata, anatoa tabaka la nje lililoshika moto na chumvi, kisha sime inarudi kwenye mkaa ili tabaka linalofuata liive. Anayependa nyama iliyokauka vizuri, kama wengi wetu, amwambie akate la nje kabla kisu hakijazama. Anayependa laini yenye maji asubiri kipande cha pili au cha tatu. Nyama ikishatua kwenye sahani ya chuma inaendelea kuiva pale chini. Ukiiacha ukipiga soga inakuwa ngumu. Kula mara moja, au isogeze kwenye saladi. Na msiishike sahani hiyo kwa mkono, hasa baada ya glasi ya tatu.

Nini kinastahili nafasi tumboni? Paja la kondoo, bila kusita. Mbavu za nguruwe kwa wanaokula. Mnofu wa ng'ombe ukikatwa mwembamba. Kuku na soseji ni vya kawaida, unavipata popote, kwa hiyo viacheni vipite. Mamba ni wa kuonja: nyama yake nyeupe ina mafuta machache, hukauka haraka motoni, na mara nyingine ina mifupa, basi mlaji asitegemee kushiba kwayo. Mbuni pia hana mafuta, ndiyo sababu nyama yake hufaa zaidi kusagwa na kuviringwa kuliko kuchomwa kama pande, na ikiwa hivyo ni tamu kweli. Korodani za fahali hupita pia, na katika sherehe ya miaka 40 au 50 ndizo huleta kelele kubwa kuliko zote. Mpeni mwenye siku yake kipande cha kwanza kabla hajauliza ni nini. Msitafute pundamilia, twiga wala kongoni waliokuwa sifa ya mkahawa huu zamani. Uuzaji wa nyama ya wanyamapori ulipigwa marufuku Kenya mwaka 2004, na mamba na mbuni wanaoliwa wanatoka kwenye mashamba ya ufugaji. Mwenyeji anayewaalika wageni kutoka nje awaambie hilo mapema, maana wapo wanaokuja na habari za miaka ya tisini.

Sosi si mapambo. Ya mnanaa ni ya kondoo, ya matunda pori inamfaa mbuni, ya kitunguu saumu inamwokoa mamba. Pilipili iwekwe pembeni ya sahani ya baridi, si juu ya chuma cha moto, kwa sababu ikiungua moshi wake unakohoza meza nzima. Kundi likizidi watu 8 kwenye meza moja ndefu, walioko pembeni hawafikii trei ya katikati. Ombeni trei ya pili wakati wa kuweka nafasi, si wakati nyama imeshaanza.

Kinywaji cha mahali hapa ni Dawa: vodka, ndimu, sukari, barafu, na kijiti kilichozungushiwa asali. Huletwa hadi mezani na mchanganyaji mwenye trei yake, anayejulikana kama Dr. Dawa. Kijiti ndicho kinachoamua ladha. Ukikipondea ndimu na kukoroga kwa nguvu, asali yote inayeyuka na kinywaji kinakuwa kitamu; ukikigusisha tu, ndimu inabaki kali. Tatizo ni kwamba asali na sukari huficha vodka, na aliyekunywa tatu kabla ya nyama anakuwa amelewa wakati wa keki. Glasi moja ya kufungulia, maji mengi katikati kwa sababu nyama ina chumvi, kisha ya pili mkishalaza bendera. Wasiokunywa pombe waombe ileile bila vodka: ndimu, asali na barafu peke yake ni kinywaji kizuri sana.

Kuhusu nafasi, pigeni simu wiki moja kabla kwa Ijumaa au Jumamosi, na mapema zaidi mwezi wa Desemba. Semeni mambo matano: idadi kamili, kwamba ni siku ya kuzaliwa, jina la mwenye siku yake, wangapi hawali nyama, na kama mnakuja na keki yenu. Wasiokula nyama wana chakula chao, lakini jikoni lazima wajue. Kwa Waislamu kuna swali muhimu zaidi. Nyama ya nguruwe iko kwenye menyu hiyohiyo, kwa hiyo anayeshika halali aulize kwa simu jinsi jiko, sime na visu vinavyotengwa, na aamue kabla ya kuchanga pesa. Ni vibaya rafiki akae saa mbili akila saladi kwa sababu hakuna aliyemfikiria.

Ombeni meza ya upande wa bustani, si karibu na jiko. Karibu na jiko kuna joto zuri na mengi ya kutazama, ila moshi unaingia kwenye nguo na nywele za kusukwa, na hamsikilizani. Upande wa bustani ni baridi, kwani Nairobi iko juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari na usiku wa Juni hadi Agosti unauma. Aliyevaa gauni la mabega wazi kwa ajili ya picha abebe shali.

Keki sasa. Keki Nairobi hupimwa kwa kilo, na kilo moja hutosha watu 8 hadi 10. Baada ya nyama yote ile, kilo moja na nusu inawatosha watu 14 na kubaki. Epukeni krimu laini ya kupuliza: safari ya gari pamoja na joto la mkaa vinailegeza kabla ya kukatwa. Siagi iliyopigwa na sukari inavumilia zaidi. Mkabidhini mhudumu mkuu mkifika, na mmwambie keki itoke pale bendera inapolala, kabla ya kitinda mlo. Ikitoka mapema nyama inasimama na kupoa. Ikitoka baada ya kahawa, nusu ya watu wameshaomba teksi. Wahudumu huja wakiimba, meza za jirani zinapiga makofi, na hapo ndipo pa kulishana keki na kupiga picha. Kuhusu desturi yetu ya kumwagia maji mwenye siku yake: mezani hapana kabisa. Maji kwenye chuma cha moto yanaruka na kuunguza, sakafu inateleza, na wahudumu wanapita na sime mkononi. Fanyeni nje kwenye maegesho, kwa chupa ndogo, na awe na nguo ya kubadilisha.

Pesa. Uzuri wa bei ya kichwa ni kwamba mchango unajulikana kabla. Mkiwa 12 na mwenye siku yake halipi, watu 11 wanabeba sahani 12, maana yake kila mmoja anaongeza takriban asilimia 9 juu ya bei yake. Mkiwa 8, nyongeza ni karibu asilimia 14. Ulizeni kama bei mliyotajiwa tayari ina VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2, kwa sababu kwa watu 12 tofauti hiyo inazidi sahani mbili. Mweka hazina akusanye kwa M-Pesa siku mbili kabla. Asiyetuma ahesabiwe haji, idadi irekebishwe kwa simu.

Vinywaji vitengwe. Watu 12 wakinywa glasi nne nne, hizo ni glasi 48 kwenye bili moja, na saa 5 usiku hakuna anayekumbuka yake. Asiyekunywa pombe anajikuta analipia vodka ya wenzake, na urafiki unaingia doa siku ya furaha. Ombeni bili mbili tangu mwanzo: ya chakula, inayolipwa na mweka hazina, na ya vinywaji, inayofungwa kwa kiasi mlichokubaliana. Kiasi kikiisha, kila mtu anajinunulia.

Kuna kundi ambalo tungelipeleka kwingine. Kama mwenye siku yake ni mtu wa mbavu za mbuzi, ugali na kachumbari kwa mkono, bei ya kichwa ya Carnivore haitamfurahisha. Huyo mpelekeni Kenyatta Market au soko la Burma mchana, mchague nyama wenyewe buchani, kilo moja kwa watu wawili hadi watatu, mkae hapo mpaka ichomwe. Itawagharimu pungufu sana. Pia wanaokula kidogo wanalipa sawa na wanaokula sana, na hilo halina dawa.

Kufika: kutoka mjini fuateni Uhuru Highway hadi uwanja wa michezo wa Nyayo, ingieni Lang'ata Road, mpite uwanja wa ndege wa Wilson ulio kushoto, kona ya Carnivore iko mbele kidogo, upande huohuo. Ni kilomita chache, lakini Ijumaa jioni barabara hiyo hujaa. Kwa meza ya saa 1:00 usiku, ondokeni mjini saa 11:30 jioni. Bora wa mapema wakae baa kuliko meza ianze nusu, kwa sababu nyama ikishaanza kupita, aliyechelewa anaanza na soseji wakati wengine wako kwenye kondoo.

Mkitaka kucheza baada ya kula hamhitaji kuhama. Simba Saloon, ukumbi wa kuchezea muziki, iko palepale, na muziki wake ni wa watu wazima kiasi kwamba wenye miaka 40 hawatajiona wageni. Ulizeni siku ya kuweka nafasi kama usiku huo una kiingilio. Magari yaacheni nyumbani, kwa maana polisi wenye kipima-pombe ni jambo la kawaida barabarani wikendi. Mkiita Uber au Bolt, kubalianeni sehemu moja ya kupandia, karibu na mlango mkuu wa mkahawa, kwa kuwa maegesho ni makubwa na dereva akisimama mwisho wa pili mtatafutana gizani. Mmoja asiyekunywa ashike zawadi, boksi la keki na simu ya mwenye siku yake.