Miezi 14 na bondingi ya meno ya mbele: chai, urojo na uzi wa cherehani

Nimekulia Maji ya Chai, kwenye barabara ya Arusha kwenda Moshi, na anayepajua hahitaji kuelezwa meno yangu yalikuwaje. Maji ya upande ule yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya kwetu vinapita hapo mbali sana. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani bado yanajiunda ndani ya ufizi, yanaota na mabaka ya kahawia. Hayatoki kwa mswaki, hayatoki kwa mkaa, hayatoki kwa ndimu. Yangu sita ya mbele juu ndivyo yalivyokuwa. Tangu darasa la nne mpaka nikafika miaka 34 nilikuwa nacheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja.

Mwaka jana mwezi wa tano nikaenda kufanya bondingi, yaani kupakwa kompositi, aina ya plastiki ngumu yenye rangi ya jino, katika kliniki moja ya Arusha mjini. Hakuna ganzi, hakuna kuchonga. Daktari alisugua meno kidogo, akapaka tindikali iliyo kama jeli ya bluu, akaiosha, akapaka gundi, halafu akaanza kujenga jino kwa tabaka nyembamba nyembamba, kila tabaka analimulika kwa taa ya bluu kama sekunde 20. Aliniambia meno ya floraidi hayashiki tindikali kirahisi, kwa hiyo aliiacha ikae zaidi ya kawaida. Saa tatu kitini, shilingi 100,000 kwa jino, 600,000 jumla. Aliponipa kioo nililia, na hata leo nikikumbuka macho yananilenga.

Kazi ile naipa nyota nne. Nyota ya tano nawanyima kwa sababu ya maneno mawili. Nilipokuwa natoka niliuliza, "Daktari, nile saa ngapi?" Akajibu, "Hata sasa," akamwita mgonjwa mwingine. Hakunipa karatasi ya maelekezo wala onyo lolote. Nikatoka moja kwa moja mpaka kwa mama ntilie wa jirani, nikaagiza chai ya rangi yenye tangawizi, vikombe viwili, kujipongeza.

Jioni nikampigia shoga yangu anayesomea udaktari wa meno, nimtumie picha. Nilipomtajia chai alipiga kelele mpaka nikaiondoa simu sikioni. Daktari hakunidanganya, alisema, ila aliniambia nusu. Kompositi hugandishwa na ile taa, hivyo ukishuka kitini jino tayari ni gumu na unaweza kutafuna. Lakini kuganda kule kunaendelea ndani kwa ndani kwa siku nzima hivi, na katika siku hizo za mwanzo inanyonya unyevu pamoja na rangi iliyomo kwenye unyevu huo. Akanipa saa 48 za kujizuia. Akaongeza jambo nililotamani mno mtu angeniambia kabla ya kulipa: hii kitu haing'arishwi. Dawa ya kung'arisha meno inafanya kazi kwenye jino lako, kwenye kompositi haifanyi kitu. Kwa hiyo mwenye kutaka meno meupe zaidi aanze kung'arisha, asubiri kama wiki mbili, ndipo abondiwe kwa rangi ile mpya.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo nilijitafutia kipimo changu. Nilichukua vipande vya popelini nyeupe vilivyobaki kwenye sare za shule, nikavidondoshea nilichotaka kula, nikasubiri dakika tano, nikaosha kwa maji matupu. Chai ya rangi ilibaki duara la kahawia. Mchuzi wa nyanya ulibaki. Binzari usiseme, hata kwa sabuni ilikataa kutoka. Maziwa na mtori havikuacha kitu. Basi siku mbili hizo nilikula mtori, ugali kwa maziwa mgando, wali mweupe na samaki wa kuchemsha, viazi. Nilikunywa maji na maziwa ya moto. Kichwa kiliniuma siku ya pili, kwa sababu mwili uliozoea chai tangu utoto unaidai.

Siku ya tatu nikarudi kwenye chai yangu. Sikuiacha na siiachi, na sioni sababu ya mtu kulipa laki sita ili aishi kwa huzuni. Nilichobadili ni namna ya kuinywa. Zamani kikombe kilikaa pembeni ya cherehani kuanzia saa tatu mpaka saa saba, nikipiga funda moja kila baada ya mshono. Hilo ndilo baya zaidi, maana jino linakaa limelowa rangi mchana kutwa. Sasa nakunywa kikombe kizima nikiwa nimekaa, nikimaliza nasukutua kwa maji. Soda na juisi ya ukwaju natumia mrija. Baada ya kitu chenye uchachu, kama soda, ndimu au embe bichi, nasubiri nusu saa ndipo nipige mswaki, kwa sababu uchachu unalainisha meno yangu ya asili na mswaki unayala.

Urojo ndio ulionifunza adabu. Kuna mama anauza urojo wa Kizanzibari karibu na stendi, mzito, wa embe na bajia, na manjano yamekolea. Wiki ya tatu nikanywa bakuli zima, nikafuta mdomo, nikarudi kazini. Jioni, kwenye kioo cha wateja, nikaona mstari wa njano hafifu pale kompositi inapokutana na ufizi, kwenye meno mawili ya kati. Nilirudi kliniki nikiwa na hasira. Daktari, wa pili safari hii, alipitisha kucha yake polepole pale pale akasema, "Hapa hapakusuguliwa vizuri." Kumbe ile taa ikigandisha kompositi, tabaka la juu kabisa linaloguswa na hewa linabaki nata-nata, na lazima liondolewe kwa kusuguliwa mpaka ling'ae. Pasipo hivyo jino linabaki na mikwaruzo isiyoonekana, na rangi inajificha humo. Alisugua kwa dakika kumi na tano kwa diski ndogo na krimu, njano ikaisha, hakunitoza. Tangu siku hiyo nimekula urojo mara nyingi na mstari ule haujarudi. Naamini kabisa usuguaji ule ulifaa kuliko zile siku mbili za mtori. Kwa hiyo kabla hujashuka kitini, pitisha ulimi mbele ya meno, hasa karibu na ufizi. Ukihisi ukwaruzo, sema hapo hapo.

Sasa kuvunjika. Nilikuwa naogopa nyama choma kuliko kitu chochote. Mahindi ya kuchoma nimeacha kuyang'ata, nayapukuchua kwa dole gumba punje kwa punje, na muwa namenyewa na kukatiwa vipande vidogo nitafune kwa magego. Mfupa siusogezi mbele. Barafu sitafuni. Kwa tahadhari yote hiyo, jino langu lilimeguka mwezi wa saba kwa sababu ya uzi. Fundi yeyote anajua: mshono ukiisha, mkasi uko mbali, unainama unakata uzi kwa meno. Nimefanya hivyo miaka 15 bila kufikiri. Uzi ulikuwa wa naironi, wa kushonea begi. Nilisikia mlio mdogo sana, kama punje ya mchele chini ya kiatu, na kipande cha ukubwa wa mchanga kikabaki kwenye ulimi. Kukijaza kulinigharimu 40,000 na dakika 20, kwa sababu kompositi mpya inaungwa juu ya ile ya zamani bila kubomoa yote. Huo ni uzuri wake mmoja. Mkasi sasa nimeufunga kwa utepe shingoni. Mwenye kufungua soda kwa meno, kung'ata kucha au kushika pini mdomoni, aanze na tabia hiyo kabla hajaogopa chakula.

Mambo madogo: dawa ya meno yenye mkaa niliitupa, inakwaruza. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini inaacha rangi, usiitumie kila siku bila kuambiwa. Mswaki uwe laini. Nikiwa na wageni na pilau iko mezani nakula kama wengine, halafu nakunywa maji.

Wiki iliyopita nilikuwa kwa mama, Maji ya Chai. Alichemsha chai ya maziwa, akanitolea na mrija aliouhifadhi kabatini tangu nilipomweleza habari za meno yangu. Nikamwambia, mama, chai ya moto hainywewi kwa mrija, nitaungua. Akacheka, nikacheka, na kiganja changu kilibaki juu ya meza. Mwanangu wa miaka mitano tulimpa maji tuliyobeba kutoka mjini, ya kunywa na ya kupikia uji wake, kwa sababu meno yake ya ukubwani ndiyo yanajiunda sasa. Mimi nikasukutua kwa maji ya bombani.

Tarehe 12 narudi kusuguliwa, 30,000. Nitawauliza kama wameshachapisha ile karatasi ya maelekezo niliyowaomba.