Gaidi wa mlimani, na ziwa nililoonyeshwa dakika 10

Jamani, kabla hamjalipia hizi safari za kupelekwa Ziwa Hancock na lile mahame la St. Elmo huku Colorado, nisikilizeni kwanza. Kampuni siitaji, wakisoma watajijua. Shida yangu ni mtembezaji wao, yaani gaidi kama tunavyotamka wengi wetu, na kwa huyu maana zote mbili zinafaa.

Ilikuwa wakati wa joto, mwezi wa saba ama wa nane hivi, mimi na baba watoto na binti yetu tukaamka gizani tukatoka Aurora. Gari halikuwa na neno. Barabara ya kupanda Hancock ni mawe matupu, unarushwa kama gunia la nazi, lakini hilo tuliambiwa mapema.

Sasa gari likaishia pale, tukaanza kwa miguu. Mimi ni mtu wa Likoni, kilima changu maishani ni ule mteremko wa feri, na hapa tuko juu zaidi ya mita 3,000 na bado tunapanda. Moyo unadunda masikioni, kichwa kinagonga, nikakaa juu ya jiwe. Huyu bwana akageuka, mbele za watu wote, akacheka: "Wewe si ulisema umetoka Kenya? Nilidhani nyinyi huzaliwa mnakimbia!" Na wengine wakacheka, hata yule mzee wa fimbo mbili aliyekuwa anahema kunishinda! Wallahi nilitamani kumuuliza kama ramani ameshawahi kuiona. Hao wakimbiaji ni wa Iten huko, mita 2,400, mimi nimetoka mita sufuri na hata matatu ikiniacha siikimbilii.

Nikafika ziwani nimenuna. Ziwa lenyewe, haki ya Mungu, sijaona kitu kama kile. Miti imeishia chini, juu ni majabali na mabaka ya theluji ambayo hata jua la kiangazi limeshindwa nayo, maji ya kijani kama chupa, nikatia vidole nikavitoa mbio. Nimetandika leso, nimefungua mahamri yangu, chai ya thermos ndiyo kwanza namimina, mtu anapiga makofi. "Twende, dakika 10 zimeisha!" Pesa yote ile, usingizi wote ule, dakika 10! Nikafunga mahamri nikiwa na machozi, sitanii.

Haya, na niseme ukweli. Hatujafika garini mbingu ikapasuka, radi, mvua ya mawe kama choroko inapiga bati la gari, na watu tuliopishana nao wakipanda wanarudi mbio wamelowa chapachapa. Kumbe huku wakati wa joto radi za mchana ni kawaida, na pale ziwani hakuna hata mti wa kukushinda wewe kwa urefu. Kwa hiyo alikuwa sahihi. Lakini si angesema tu? Neno moja, radi, ningekimbia kushinda hao wa Iten.

Wakati wa kurudi tukasimama St. Elmo, mvua imekatika. Mji ulianzishwa 1880 kwa ajili ya dhahabu na fedha, reli ikapenya mlima kwa handaki, handaki likafungwa 1910, madini nayo yakapungua, watu wakahama. Mimi mahame ninayoyajua ni Gede, mawe na mibuyu, huku ni nyumba za mbao zimejipanga barabarani kama wenyewe wameenda sokoni mara moja. Pale dukani wanauza mbegu za kulishia vikindi vyenye mistari mgongoni. Yule yule gaidi akapiga magoti matopeni kando ya binti yangu, akamfundisha anyooshe kiganja, asipumue. Kikindi kikapanda hadi kwenye kifundo cha mkono, kikajaza mashavu mpaka yakawa kama kina majipu, mtoto macho yamemtoka.

Nilikuwa nampa nyota moja. Kwa kikindi nikaweka tatu, nikakumbuka yale makofi nikarudisha mbili.

Na sasa hivi ninavyoandika, baba watoto kachungulia hapa begani ananiambia eti alimpa bakshishi ya dola 40. Arobaini! Ngojeni kwanza nimalizane na huyu.