BMX za kizamani kwa matuta ya Malindi: ipi ununue, ipi uache

Ukiwekewa BMX, ile baiskeli ndogo ya magurudumu ya inchi 20, mpya ya dukani yenye rangi za kumeremeta na nyingine kuukuu ya mtumba yenye umbo la miaka ya 1980, ya kurukia matuta ya udongo ni hiyo kuukuu. Zile mpya za bei ya chini nyingi ni za mtoto kuzungukia uani. Zikitua mara chache kutoka kimo cha kiuno, foki inarudi nyuma na krenki inaanza kucheza. Kuukuu iliundwa kwa kazi hii hasa. Mchezo wenyewe ulianzia California mwanzoni mwa miaka ya 1970, watoto wakiiga mashindano ya pikipiki za vumbini, na hata zile pedi tatu za sponji, kwenye fremu, kwenye shingo na kwenye upau wa handeli, hazikuwa pambo. Aliyewahi kuruka bila hizo anajua zililinda nini.

Tatizo ni kwamba chuma hicho kimezeeka, na hapa kinaendelea kuzeekea kando ya bahari. Kwa hiyo usitoe pesa kabla ya kuipindua baiskeli juu chini, mchana kweupe.

Anza pale bomba la chini linapoungana na shingo ya mbele. Rangi iliyokunjamana au bomba lililovimba upande wa chini maana yake baiskeli iligonga kitu kwa mbele, hiyo iache. Mstari mwembamba wa kutu, kama unywele, ukifuata weldi, huo ni ufa. Muuzaji atakwambia ni mkwaruzo tu. Usinunue kwa kutumaini kulehemu: bomba la kromoli 4130, chuma imara cha fremu nzuri, lina ukuta mwembamba, mara nyingi chini ya milimita 1, na fundi wa mageti mwenye fito nene atalitoboa, au ataacha sehemu ngumu itakayokatika pembeni ya weldi yake. Kisha chomoa kiti na bomba lake. Kikigoma kutoka, au fremu ikimwaga unga wa kutu, shusha bei au ondoka.

Krenki ya kizamani ni kipande kimoja cha chuma kilichopinda mara mbili, kinachopenya fremu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ni nzito, na ni rahisi kuhudumia: spana moja, grisi, na gololi za inchi 5/16 kwenye vizimba vyake. Kosa la kawaida hutokea kwa fundi aliyezoea krenki za pini za Black Mamba, ile baiskeli kubwa nyeusi ya mizigo. Nati za upande wa kushoto zina hesi ya kinyume. Ili kuzifungua unazizungusha kuelekea kulia. Akilazimisha kama kawaida anaharibu hesi, na krenki nzima inakwisha. Pedeli nazo zina mtego: krenki ya kipande kimoja hutumia pedeli za hesi ya inchi 1/2, ya vipande vitatu hutumia 9/16. Nunua pedeli ukiwa na krenki mkononi.

Magurudumu ndiyo yanayostahili muda wako zaidi. Ya spoku ni mepesi na hurekebishika, lakini pwani yetu huyaua kimyakimya: nati ndogo za spoku hushikana na kutu, fundi akizikaza ili kunyoosha rimu, spoku inakatika. Jaribu nati moja kwa ufunguo wa spoku kabla ya kulipa. Ikigoma, hesabu spoku 36 mpya ndani ya bei. Yale ya plastiki, kama Skyway Tuff Wheel yenye mikono mitano ya nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, watu huyacheka kwa uzito wake. Malindi tusiyacheke. Hayana spoku za kuoza, na rimu haishiki kutu. Kasoro yake ni breki: mpira wa kawaida hauumi vizuri kwenye plastiki, na likipinda hulinyooshi kwa ufunguo wa spoku. Kagua mikono inapoingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Ufa ukiwepo, hata mdogo, liache.

Ekseli ya nyuma ya kizamani ni ya inchi 3/8, karibu milimita 10, wakati BMX za kurukia zilizokuja baadaye zina milimita 14. Hiyo nyembamba hupinda ukitua kwa gurudumu la nyuma peke yake. Toa gurudumu, zungusha ekseli taratibu kwa vidole: ncha yake ikichora duara, imepinda, na itakula gololi. Kubadilisha si ghali. Kuchonga fremu kwa tupa ili iingie ya milimita 14 ndiko kuharibu.

Habari njema ni mnyororo. Ni wa 1/2 kwa 1/8, uleule wa Black Mamba, na kwa kawaida friwili yake, ile gia ya nyuma, nayo inaingia kwenye habu ya BMX ya spoku. Meno 44 mbele na 16 nyuma, mpangilio wa kizamani, unatosha kwenye njia ngumu. Kwenye kichanga unaua mapaja. Weka friwili ya meno 18.

Tairi za 20 x 2.125 zinatosha. Jihadhari na namba tu: 20 x 1.75 na 20 x 1 3/8 zote huitwa inchi 20, lakini ya kwanza inakaa kwenye rimu ya milimita 406 na ya pili kwenye ya 451. Haziingiliani, hata muuzaji akiapa. Upepo uwe paundi 40 hadi 50, usizidi ulioandikwa ubavuni mwa tairi. Chini ya 30, ukitua, rimu inabana tyubu na kuitoboa matundu mawili sambamba. Tundu moja dogo ni mbigili au mwiba wa mathenge, na kabla ya kuweka tyubu mpya pitisha kitambaa ndani ya tairi. Mwiba mara nyingi umebaki humo.

Matuta yenyewe hayajengwi kwa mchanga wa ufuoni wala wa vilima vya kuelekea Sabaki. Unaporomoka kabla hujaufikia. Chukua udongo mwekundu wa kukandikia nyumba, uloweshe, upige kwa mgongo wa sepetu tabaka kwa tabaka, uache ulale usiku mzima. Upande wa kutua uwe mrefu na mlalo kuliko wa kurukia, na katikati pajazwe. Kaskazi ikivuma tuta hukauka na kupasuka, hivyo nyunyizia maji jioni ya kuamkia siku ya kuruka. Masika funika kwa makuti.

Kila baada ya kuruka karibu na ufuo, osha kwa maji ya bomba. Ya kisima, yaonje kwanza. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Futa, tia oili nyepesi kwenye mnyororo, na ulaze baiskeli ubavu dakika chache ili maji yaliyoingia kwenye krenki yatoke.